Jeneza la Mazoezi

4 Machi

Tumekatazwa kusema. Hakuna aliyetukataza kuandika, kwa hiyo naandika.

Asubuhi tulipangwa uwanjani kikosi kizima bila kuambiwa sababu. Sajini Meja, ambaye sisi tunamwita Rula kwa kuwa jicho lake halihitaji rula, alipita mbele yetu mikono nyuma, kimya, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akimtaka mtu anamgusa bega. Asipomtaka anapita. Mzunguko wa kwanza waliondoka wafupi na warefu kupita kiasi. Wa pili aliangalia mabega: moja likilala kuliko jingine, kwaheri. Wa tatu nyuso. Mmoja alirudishwa kwa sababu ana sura ya kucheka hata akikasirika. "Huna kosa," Rula alimwambia, "ila msibani utatuponza."

Ndipo tukajua kwamba ni msiba. Msiba wa nani, hakuna aliyeuliza. Jenerali Mstaafu, ambaye sote tunamwita Mzee, amelazwa hospitali tangu mwezi uliopita na redio kila jioni inatuambia anaendelea vizuri. Basi sisi tunajiandaa kumzika mtu anayeendelea vizuri.

Kaka yangu alikuwa kwenye mstari uleule, karibu nami. Ni koplo, alinitangulia jeshini miaka mingi, na sijaona mtu mwenye kwata safi kama yake. Rula alisimama mbele yake muda mrefu. Lile kovu la kaka linaanzia chini ya jicho la kushoto linashuka mpaka tayani. Alilipata ng'ambo, walikopelekwa kulinda amani. Rula akamwangalia, akamwangalia, kisha akasema, "Wewe nitakutafutia kazi nyingine."

Akaja kwangu, akanigusa bega.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Buti mpya zinauma.

6 Machi

Nilikwenda kula kwa kaka kama kawaida. Anakaa na mkewe kwenye nyumba za familia nyuma ya zahanati ya kambi. Shemeji alinipakulia huku ananichungulia.

"Nasikia umechaguliwa."

"Haturuhusiwi kusema."

"Nyie hamsemi. Bombani wanajua mpaka namba za viatu vyenu."

Kaka alicheka kile kicheko chake cha puani. "Sura imekulipa, bwana mdogo. Yangu imeshatumika."

Nikasema Rula hana akili. Kaka akaweka kijiko chini. "Usimtukane. Anafanya kazi yake. Kwenye picha za magazeti hili kovu lingeonekana kuliko jeneza."

Nilitamani anikasirikie, ingekuwa nafuu. Shemeji aliponisindikiza mlangoni alinong'ona, "Juzi, alipohisi ni msiba, alipiga pasi sare mara tatu. Alikuwa na uhakika, shemeji. Alisema safari hii atabeba."

Sikumwelewa. Safari hii kwani kulikuwa na safari nyingine?

9 Machi

Tumebaki wanane na wa akiba wachache. Tunapangwa wawili wawili kwa urefu, mmoja kila upande. Wangu ni kijana wa kikosi cha ishara, tumelingana mpaka masikio, na tayari tunaitana Pacha. Namkamata bega, naye ananikamata langu, mikono inapita chini, jeneza linakaa juu ya mifupa yetu na shavu linagusa mbao. Ukiwa umenyoa vibaya utajuta.

Jeneza lenyewe ni la mazoezi, fundi wa kambi kaligonga kwa mbao za mabanda ya zamani, na ndani kuna mifuko ya mchanga. Tatizo ni ngazi. Tukipanda, mchanga wote unakimbilia nyuma, wa mbele wanabaki wamebeba hewa.

"Maiti hahami alipolazwa!" Rula alifoka. "Shusheni. Huu mchanga unanidanganya. Nataka mtu."

Kila mmoja alikuwa ghafla na kamba ya buti ya kufunga.

Kaka alikuwa pembeni; kazi aliyotafutiwa ni kutunza glavu nyeupe na bendera. Aliweka sanduku la glavu juu ya benchi vizuri, akasema, "Mimi, Afande."

Rula alimtazama juu mpaka chini. "Mwili unalingana na wa Mzee kabla hajaugua." Nadhani alitaka kuongeza neno, akaliacha.

Kaka akapanda, akalala, akakunja mikono kifuani. "Nibebeni taratibu jamani, sijaandika wosia." Tulicheka mpaka mmoja karibu aachie. Fundi alitoboa matundu ubavuni ya kupitisha hewa. Kifuniko kilipofungwa, mimi kicheko kilinikatika peke yangu. Sijui kwa nini. Tulipomwinua nilisikia pumzi yake kwenye mbao, karibu na sikio langu.

12 Machi

Mvua. Kwata karakanani, katikati ya malori mabovu.

13 Machi

Kaka amekuwa mwalimu kuliko Rula. Akiwa ndani anahisi kila kitu. Tukiinama kushoto anagonga ubavu wa kushoto. Tukienda haraka anakohoa. Tukishushwa, kifuniko kikifunguliwa, anakaa na kutoa taarifa: "Watatu kulia, unanyanyuka kwenye vidole. Nimeumwa kichwa kama mlevi." Watu wanamfurahia. Wamempa jina: Marehemu. "Marehemu kasemaje?" "Marehemu kasema tuko ovyo."

Hata Rula leo alitabasamu, nusu mdomo.

16 Machi

Kapteni mmoja ameleta mpwa wake, anataka aingizwe kwenye wanane. Kijana mzuri, ana meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Rula hakubisha hata kidogo. Alimpigia saluti kapteni, akamweka kijana chini ya jeneza, halafu akatusimamisha palepale tumebeba, akaenda kunywa chai. Aliporudi kijana alikuwa analia bila sauti na magoti yanacheza. "Umejitahidi," Rula akamwambia kwa upole kabisa. "Mwambie mjomba nimekusifu."

Nikaanza kumwona huyu mzee kwa jicho jingine kidogo.

17 Machi

Wale watakaosimama kwenye pembe nne za jeneza, vichwa chini, mikono juu ya vitako vya bunduki, wana mtihani wao: kusimama tu. Nzi akitua puani, ni wake. Leo mmoja alianguka kifudifudi kama ubao. Rula aliwafundisha kuchezesha vidole vya miguu ndani ya buti, wasikaze magoti, damu izunguke. Aliyeanguka hajaondolewa kikosini, na wala hakulaumiwa.

Redio: anaendelea vizuri, amekunywa uji.

21 Machi

Shemeji alinisubiri njiani, ndoo kichwani.

"Ni kweli mume wangu anaitwa Marehemu?"

Nikasema ni utani wa kazini.

"Utani. Nimeupata bombani kwa mtoto wa darasa la pili. Ananiambia, mama, baba Marehemu yuko? Nikamjibu nini mimi?" Maji yalikuwa yanamwagikia begani na hakuyajali. "Na wewe unamwita hivyo?"

Nilikuwa nimemwita hivyo asubuhi ileile.

"Sitaki kulisikia tena," akasema, akaenda.

24 Machi

Kuna jambo sijalipenda. Wakati wa chai tulikaa kwenye matairi tukinywa, tukipiga soga. Nikamtafuta kaka. Hakuwa amenyanyuka. Kifuniko kilikuwa wazi, yeye kalala, mikono kifuani, anaangalia bati la karakana. Nikampelekea kikombe.

"Hunywi?"

"Weka hapo."

Chai ilipoa. Kengele ilipolia alikivuta kifuniko mwenyewe, kutoka ndani.

25 Machi

Tena.

26 Machi

Tena. Leo hakugonga hata mara moja, na Pacha alikuwa anayumba waziwazi. Rula alifungua, akauliza tulikuwaje. Kaka akasema, "Vizuri." Rula akamtazama. Akafunga.

28 Machi

Leo nimeambiwa jambo ambalo kaka hajawahi kuniambia.

Kaka alikuwa zamu. Shemeji alikuwa anapasi, mimi nimekaa kitandani kwao kwa kuwa viti vilijaa nguo. Nikamwuliza kile alichokisema ile siku, safari hii atabeba. Akaendelea kupasi kola mpaka nikadhani hajasikia.

"Unajua gari lao lililipuka," akasema.

"Najua."

"Unajua walivyomwokota?"

Nikasema alipelekwa hospitali ya huko.

"Baadaye. Kwanza walimlaza na wenzake. Walijua amekufa. Waliwapanga pembeni ya barabara, wanne waliokufa na yeye wa tano, wakawafunika turubai moja. Alikuwa anasikia, shemeji. Anasikia mtu anahesabu, mmoja, wawili, anafika kwake, watano. Anataka kusema hapana, mdomo hauendi. Ni mpaka mtu alipokuja na machela ndipo akaona mguu umetikisika." Aliinua pasi. Kola ilikuwa imeanza kuungua. "Wakarudishwa na ndege moja, yeye kwenye machela, wale kwenye masanduku. Wenzake walibebwa na watu wasiowajua. Yeye alikuwa anaangalia tu. Ndicho alichotaka. Abebe hata mmoja, hata awe mtu mwingine kabisa."

"Sasa kwa nini anakubali kulala mle?"

"Wewe ndiye unayembeba," akasema. "Mimi nikuulize wewe."

29 Machi

Nilimpata kaka akisuuza glavu, amezianika kwenye kamba ya karakana kama viganja vya watu waliosalimu amri. Nikamwambia shemeji ameniambia. Hakukasirika. Aliendelea kukamua.

"Toka mle ndani, kaka. Warudishe mchanga."

"Mle ndani nimetulia."

"Umetulia vipi?"

"Hakuna anayeniangalia. Nje hapa kila mtu akinisalimu anasalimia shavu." Akaning'iniza glavu nyingine. "Usiku silali, mdogo wangu, wewe hujui. Mle napata usingizi. Mnaponibeba napata usingizi."

"Nitamwambia Rula."

Hapo akanigeukia. "Mwambie. Rula atalazimika kuandika, wakubwa watasoma, nitapewa mkono wa asante na kuondolewa jeshini. Nikafanye nini huko nje na uso huu? Nikafukuze ndege mashambani?" Akacheka, mimi nikashindwa. "Mzee akishazikwa yameisha. Subiri tu Mzee azikwe."

Sikumwambia Rula.

1 Aprili

Mvua kutwa. Anaendelea vizuri.

2 Aprili

Mvua. Anaendelea vizuri. Pacha anasema tutazeeka hapa chini ya jeneza, na yeye Mzee atakuja kututazama.

4 Aprili

Wageni wakubwa walikuja kutukagua. Walisema hawajaona kikosi kinachobeba kwa utulivu namna hii, hata glasi ya maji isingemwagika. Rula alisimama wima kama mlingoti. Nami nilifurahi, siwezi kukataa. Tulikuwa wazuri kweli. Kaka alikuwa ndani muda wote wa hotuba.

6 Aprili

Nitaandika polepole.

Tulipelekwa asubuhi mapema kwenye ukumbi wa serikali, pale Mzee atakapolazwa ili watu wamuage, tukazijaribu ngazi zake zenyewe kabla mji haujaamka. Ngazi ni za mawe laini, pana, na mvua ilikuwa inateremka juu yake kama mtu amefungulia bomba. Rula aliwaza, niliona anawaza. Akasema siku yenyewe huenda ikanyesha pia. Twende.

Kupanda tulipanda vizuri. Ni kushuka. Pacha alikanyaga ukingo, mguu ukamtoka, begani mwangu mkono wake ukawa mzito ghafla halafu haupo. Pembe ya jeneza ikapiga jiwe. Ule mlio bado ninao. Wengine tulikaza, hatukuachia, tukalishusha ngazini.

Ndani kimya. Hakugonga, hakukohoa.

Nilikifungua kifuniko mimi. Kaka alikuwa macho. Mikono haikuwa kifuani tena, ameinyoosha ubavuni, viganja chini. Mvua ikamwangukia usoni, ndani ya macho, na hakupepesa.

"Kaka."

"Funika," akasema, taratibu, kama anamwambia mtu afunge mlango kuna baridi.

"Kaka, ni mimi. Inuka."

"Funika, hawajamaliza kutuhesabu."

Kisha akaanza. "Fundi. Mchungaji. Dereva. Kipara. Halafu mimi." Akaanza upya. "Fundi. Mchungaji. Dereva. Kipara. Halafu mimi." Nilimkamata mkono, ulikuwa mgumu kama mti. Nilipojaribu kumnyanyua alijifanya mzito, vile mtoto anavyojilegeza asibebwe, akasema nisimtenganishe na wenzake, watakosea hesabu. Pacha alikuwa amekaa kwenye maji anashika goti lake, analia, na sidhani alilia kwa sababu ya goti.

Rula akashuka zile ngazi. Nilidhani atapiga kelele. Alituangalia akasema, bila kelele, "Kikosi. Nyuma geuka." Wenzangu wote wakageuka, wakampa kaka migongo, wakabaki wameangalia barabara tupu. Nikaelewa alichowaagiza: wasimwone.

Akavua kofia. Akapiga magoti majini, yeye na suruali yake ambayo mikunjo yake ungeweza kukatia mkate, akainamia jeneza.

"Koplo."

Kaka alikuwa amefika kwa Dereva.

"Koplo, nisikilize. Tumemaliza kuhesabu. Wewe hukuwemo."

Kaka akaiacha hesabu.

"Nimehesabu mwenyewe," Rula akasema. "Ni wanne. Wewe hukuwemo."

Mvua ilinyesha. Sijui ni muda gani. Kaka aligeuza shingo, akamtazama yule mzee kama anamtafuta kwenye umati.

"Una hakika, Afande?"

"Nina hakika."

Ndipo akapepesa macho. Akainua mkono, Rula akaudaka, na mimi nikaudaka mwingine.

7 Aprili

Kaka yuko hospitali ya jeshi, wodi ya mwisho kule kwenye miti. Amelala tangu jana. Wanasema ni dawa.

Rula aliniita ofisini. Kimeza, birika, brashi ya viatu, picha ya mabinti zake wakiwa na sare za shule. Akaniambia nikae, jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu wa cheo changu.

"Unadhani nilimwacha kwa ajili ya kovu."

"Ndiyo, Afande."

"Kovu linafunikwa na poda. Pale uwanjani nilimwangalia machoni, nikaona mwenyewe hayupo. Mtu wa namna hiyo humpi jeneza."

Nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya askari, "Sasa kwa nini ulimwacha alale ndani yake?"

Alisukuma brashi kidogo, akairudisha. "Kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri."

Hakujitetea. Mwezi mzima nilikuwa namchukia kwa sababu isiyo ya kweli. Leo amenipa ya kweli mkononi, na nikashindwa kuitumia, kwa maana ni hiyohiyo iliyonifunga mdomo mimi.

Akasema ameandika taarifa, na ameandika kwamba kosa ni lake.

Jioni nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa anakunja nguo za kaka za kupeleka wodini.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia."

"Ukaenda ukambeba tena."

Aliweka shati juu ya shati.

"Kwa sasa usije kula hapa, shemeji. Sikufukuzi. Ila nikikuona, naliona bega lako."

8 Aprili

Jeneza limerudishiwa mchanga. Umeshonewa kwenye magunia marefu, umetulia kabisa. Kumbe ilikuwa ni kazi ya sindano tu.

10 Aprili

Nimemwomba Rula anitoe. Akasema wa akiba wapo, anaweza. "Ila ukitoka wewe anatoka na Pacha, hana wa kulingana naye. Na Pacha usiku anaota ameua mtu. Akitoka sasa atabaki na ndoto hiyo maisha." Akaniacha nichague.

Nimebaki. Najua ninavyoonekana kwa shemeji.

14 Aprili

Redio imepiga muziki wa taratibu tangu alfajiri. Wametangaza adhuhuri. Amefariki.

18 Aprili

Leo tumembeba.

Ukumbi ulijaa maua na viatu vilivyolowa. Tulipoinua, tuliinua kwa nguvu ileile tuliyoizoea, na jeneza likaruka juu, karibu litushinde kwa wepesi. Lile lilikuwa la mti mzito, lina vishikio vya shaba, na bado lilikuwa jepesi kuliko kaka. Mzee alikuwa amekwisha. Ugonjwa ulishambeba karibu mzima, ukatuachia sisi kidogo. Niliona jicho la Rula kule chini ya ngazi, na nikahisi mkono wa Pacha unanikamata bega kama mtu anayezama. Tukashuka. Hakuna aliyeteleza.

Kaburini, tulipomaliza kukunja bendera, mjane alisogea. Ni bibi mdogo wa umbo, ananifika kifuani. Alinishika mkono wa koti.

"Asante, mwanangu. Hamkumtikisa. Siku za mwisho kila akiguswa alikuwa analia."

Haturuhusiwi kujibu. Nilikuwa namfikiria mtu mwingine, ambaye tulimtikisa.

19 Aprili

Magazeti yana picha yetu ukurasa wa mbele. Tunafanana wote, mimi mwenyewe nilijitafuta.

23 Aprili

Shemeji kamtuma mtoto wa jirani: nije nile. Tulikula. Akaniongezea bila kuniuliza.

27 Aprili

Nimemwona kaka. Amekonda, amefuga ndevu upande mmoja, upande wa kovu hazioti. Daktari wa pale ni mwanamke wa makamo, anamwongelesha kila siku. Rula huja pia, kaka kasema. Anakaa, wanaangalia miti, anaondoka. Taarifa imefika kwa wakubwa. Rula atastaafu kabla ya wakati wake. Kuhusu kaka bado hawajaamua.

Nikasema, "Nisamehe. Nilijua nikanyamaza."

"Mimi ndiye nilikunyamazisha."

"Nisamehe hivyohivyo."

Alifikiri kweli, hakunirahisishia. "Nimekasirika," akasema. "Ndiyo kwanza nimeanza. Daktari anasema ni dalili nzuri, kwa hiyo vumilia." Halafu akasema anataka nimsindikize mahali akiruhusiwa kutoka. Kwa mama yake Fundi.

Fundi ni yule wa kwanza kwenye hesabu, si fundi wa kambi.

11 Mei

Tumekwenda leo, yeye, shemeji na mimi. Mvua zimekatika, barabara imekauka ikaacha nyufa. Kaka alivaa shati la nyumbani, si sare. Tulipofika kwenye lango alisimama. Shemeji alitaka kumshika mkono, akaghairi, akasubiri.

Mama alikuwa uani anaanika mashuka. Mwanamke mrefu, mikono mirefu, miwani imefungwa kwa uzi. Alituona. Watu wote wakimwona kaka huangalia kovu kisha hukwepesha macho. Yeye aliliangalia kovu, akaendelea kuliangalia, kutoka juu mpaka chini, kama anasoma.

"Wewe ndiye uliyekuwa na mwanangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mbona umechelewa hivi?"

Kaka alifungua mdomo, ukabaki wazi. Baadaye ndipo ikatoka, "Niliogopa."

"Mimi nikadhani hamkupendana."

"Tulipendana, mama."

Akafuta mikono kwenye nguo. Wakubwa walimjia zamani zile, akasema, na hotuba na bendera iliyokunjwa, na kila mmoja alimwambia mwanawe ni shujaa. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku ile, na yeye ana swali ambalo huwezi kumwuliza mtu ambaye hakuwepo.

"Asubuhi ile," akasema, "alikuwa amekula?"

Nilimwona kaka anatafuta. Si kama pale ngazini. Alitafuta kama mtu anayejua kitu kiko ndani ya nyumba.

"Alikula, mama. Chai na mkate. Akala na wangu, akaniambia mimi nikiamka nina uso wa kuwakata watu hamu ya kula, bora chakula akiokoe yeye."

Mama aliziba mdomo. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, kisha vikawa vyote viwili. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Tangu mdogo hakuwahi kula chake tu." Alisogea kwenye benchi, akapigapiga mbao pembeni yake. "Kaa hapa. Usiruke kitu. Anza mlipoamka."

Kaka akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti.

"Tuliamka mapema, mama," akasema. "Fundi ndiye aliyetuamsha."